Mtungi Niliougeuza Uso

Kwa muda mrefu gari langu lilikuwa na kila kitu anachouliza askari wa usalama barabarani, lakini ndani yake hamkuwa na kitu ambacho kingemfaa mtu siku ya shida. Nilijua hivyo. Ningekuwa sijui, pengine leo ningeandika ushauri tu kwa wenye magari, halafu nikanyamaza. Lakini nilikosa huku najua, na siku nilipoulizwa nikadanganya, mbele ya mtu ambaye gari lake lilikuwa linaungua.

Nianze na mtungi wa kuzimia moto. Niliununua mwaka 2019, baada ya lori la mafuta kupinduka Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti, na moto ukaua watu zaidi ya 100 waliokuwa wamelizunguka. Msamvu napita kila nikienda kwetu Iringa. Nilipopita tena pale kwa mara ya kwanza baada ya ule msiba nilishikwa na hofu ambayo haikunitoka njia nzima, na hofu hiyo ndiyo iliyonipeleka dukani. Nilinunua mtungi wa poda wa kilo 1, wenye geji ndogo shingoni na mshale uliosimama katikati ya kijani. Nikaufunga kwenye kishikizo ubavuni mwa kiti cha mbele cha abiria, upande wa mlango. Nikaona nimemaliza.

Mtungi wa namna ile ndani una poda kavu, na juu ya poda kuna gesi, kwa kawaida naitrojeni, iliyoshindiliwa ili iisukume poda nje unapobonyeza mkono wake. Gesi ikivuja kwenye valvu, hata kidogo kidogo, poda hubaki ndani haina wa kuitoa. Poda yenyewe nayo, kwa kutikiswa na barabara mwezi hadi mwezi, hushuka na kujipanga chini mpaka ikagandamana. Ndiyo maana wenye uzoefu huutoa mtungi kila baada ya muda, wakaugeuza juu chini na kuugonga kitako kwa kiganja mpaka wasikie poda inatembea. Mimi sikuugusa.

Siku nilipoona mshale umeshuka kwenye nyekundu nilikuwa nasafisha gari. Niliutazama kidogo, kisha nikauzungusha mtungi ndani ya kishikizo chake, geji ikaelekea kwenye kiti na upande wenye stika ukaelekea mlangoni. Askari akifungua mlango aone rangi, aone stika, aniruhusu niende. Kuujaza upya kungenigharimu pesa kidogo kuliko ninayotumia kujaza tenki mara moja. Nilisema nitaupeleka mwisho wa mwezi. Miezi ikaisha, mwaka ukaisha, na mimi nikazoea kupitisha macho yangu pale bila kuona.

Vitu vingine vilikuwa hivyo hivyo. Pembetatu za kuakisi mwanga zilikuwa bado kwenye mfuko wake wa nailoni, chini kabisa ya buti, chini ya tairi la akiba, na juu ya tairi mabegi. Sanduku la huduma ya kwanza sikuwahi kulifungua tangu nilipolinunua, isipokuwa siku moja nilipotoa bandeji nikafungia mzigo juu ya gari. Maji ya kunywa tulikuwa tukinunua njiani.

Siku yenyewe nilikuwa na mama, tunatoka Dar es Salaam. Asubuhi, kabla hatujafika Chalinze, mama aliinama kutafuta kiatu chake akaiona geji. Akauliza, "Mwanangu, mbona huu mshale uko kwenye nyekundu?" Nikamwambia ndivyo inavyokaa. Akanyamaza, kwa kuwa mambo ya magari aliniachia mimi.

Anayeijua ile njia anajua ilivyo baada ya Mikumi. Unashuka kwenye bonde la mibuyu, unafika Ruaha Mbuyuni na vitunguu vyake, unapita Mahenge, kisha barabara inaanza kuukwea mlima wa Kitonga kona baada ya kona, upande mmoja jabali, upande wa pili korongo. Malori ya kwenda Iringa, Mbeya na Tunduma hupanda pale taratibu kwa gia nzito, na gari dogo likikwama nyuma yake hakuna pa kupenyea. Mbele yetu palikuwa na Probox iliyolala kwa nyuma kwa uzito wa magunia ya vitunguu. Niliona moshi unatoka pembeni mwa boneti yake. Nikadhani rejeta imechemka, maana pale mlimani ni jambo la kila siku. Dereva akaegesha, akaruka nje, na upepo ulipogeuka nikaona moshi ni mweusi.

Alikuja mbio moja kwa moja hadi kwenye mlango wangu. "Kaka, mtungi! Una mtungi?"

Nikainama mbele ya miguu ya mama, nikaufungua mtungi kwenye kishikizo, nikampa.

Hapo ndipo pananiuma hadi leo, kuliko ile miezi yote ya uzembe. Ningemwambia, "Huu wangu haufanyi kazi," angekimbilia gari la nyuma yangu, angekimbilia lori lililokuwa linapanda nyuma yake, angechota mchanga wa kando ya barabara. Mimi nilimpa mtungi mtupu, naye akaurudisha mbio kwenye moto akiamini ameshika msaada. Moto wa injini huanza mdogo, kwa mafuta yaliyodondokea kwenye bomba la moshi lililopata joto la mlima au kwa waya uliochubuka na kugusana na chuma, na kwa muda mfupi sana kilo moja ya poda inaweza kuumaliza. Muda huo ndio niliompotezea.

Aliinua boneti yote kwa mkono. Nilikuja kuelezwa baadaye kwamba hilo nalo ni kosa, na nilikuwa silijui. Ukiinua boneti unaupa moto hewa, na unajiletea usoni. Inatakiwa uzime injini, utoe watu wote, ufyatue boneti ilegee tu bila kuiinua, kisha upulizie poda kupitia ule mwanya, ukielekeza kwenye shina la moto. Na kilo moja inakwisha kwa sekunde kama 10, kwa hiyo huna poda ya kujaribia. Yeye aliinua, moto ukamrukia mkono wa kushoto, akapiga kelele, lakini hakukimbia. Alichomoa pini kwa mkono wa kulia, akaelekeza, akabonyeza. Ukatoka unga mweupe kidogo, kisha ikasikika pumzi tupu. Akautikisa, akabonyeza tena. Akautazama shingoni, akaona mshale. Akanitazama mimi.

"Kaka, huu mtungi vipi?"

"Nimeuziwa mbovu," nikasema. "Hawa wauza mitungi wanatuua."

Sauti ilinitoka imara, yenye hasira ya mtu aliyedhulumiwa. Na yule bwana, mkono wake ukiwa umeanza kuchubuka ngozi, akanijibu, "Pole kaka. Asante kwa kujaribu."

Lori lilifika moto umeshaingia ndani ya gari. Dereva wake, mzee wa makamo, aliteremka na mtungi mkubwa, utingo akateremka upande wa pili na magogo mawili yaliyochongwa kama kabari akayasukumiza nyuma ya matairi. Walichoweza kuokoa ni magunia ya nyuma, ambayo tuliyavuta nje kwa haraka. Kisha yule mzee akaamuru watu wote warudi chini, mbali na gari, kwa kuwa lilikuwa na petroli kwenye tenki. Mama nilimshika mkono nikampeleka nyuma ya lori.

Watu walipokuwa wanashangaa mimi nilikumbuka pembetatu. Tulikuwa tumesimama baada ya kona, na gari linalokuja kwa kilomita 80 kwa saa hutembea mita 22 kila sekunde. Dereva wake akituona wakati ameshakata kona, hana pa kusimama. Nikafungua buti nikaanza kushusha mabegi, ndoo ya mama, mfuko wa mchele, ili nilifikie tairi nililoziwekea pembetatu chini yake. Nilipokuwa nahangaika, utingo alikuwa ameshakata matawi mabichi kwa panga, ameteremka mbio hadi upande wa pili wa kona, ameyapanga barabarani hatua kwa hatua, na amesimama mwenyewe kando akipunga shati. Magari yakaanza kupunguza mwendo huko huko chini. Pembetatu zangu nilizipata baadaye, zikiwa safi, hazina hata vumbi.

Sasa mkono. Nilileta sanduku langu la huduma ya kwanza nikiwa na haja ya kufanya jambo moja sawasawa. Nilipolifungua, glavu zilikuwa zimeshikana zikachanika nilipozivuta. Gundi ya plasta ilikuwa imeyeyuka ikahamia kwenye karatasi. Kichupa cha dawa ya kusafishia kidonda kilikuwa kikavu. Gari lililoegeshwa juani, ndani hupita nyuzi 50 kwa urahisi, na joto hilo, siku baada ya siku, linakula mpira, gundi na dawa. Bandeji ilikuwa juu ya gari, imefunga mzigo.

Mwanamke mmoja aliyeteremka kwenye gari la nyuma alisema apakwe dawa ya meno. Mzee wa lori akamkatalia kwa upole, akasema, "Mama, tunamwagia maji tu, mengi." Akamwambia yule dereva avue pete. Kidole kilikuwa kimeanza kuvimba, pete ikagoma, ikabidi mama yangu atoe mafuta yake ya kujipaka, akakipaka kidole na kuizungusha pete polepole hadi ikateleza ikatoka. Angechelewa kidogo pangekuwa na shughuli ya kuikata. Kisha mzee akashusha dumu la lita 20 akaanza kumimina maji juu ya mkono, kijito chembamba, bila kukatiza. Alipochoka utingo akapokea. Walimimina kwa dakika 20 hivi. Ndivyo inavyotakiwa kwa mtu aliyeungua, maji ya baridi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, yatoe moto uliobaki ndani ya nyama, na visipakwe vitu vingine: si dawa ya meno, si mafuta, si asali, si ute wa yai. Mimi nilikuwa na chupa ya nusu lita, na tulikuwa tumeshainywa.

Walipomaliza, mzee alitoa kanga iliyofuliwa, imekunjwa ndani ya nailoni na kufungwa kwa mpira, akachana upande mmoja, akauzungushia mkono bila kubana. Nikamwuliza kama anatembea na kanga siku zote. Akanifungulia sanduku la chuma la chini ya tela. Nililitazama kwa muda mrefu, nami niliona aibu zaidi hapo kuliko mbele ya gari linaloungua. Madumu mawili ya maji, moja limefungwa kitambaa chekundu, la rejeta, jingine la watu. Kamba nene. Beleshi. Jeki na ubao wa kuwekea chini yake, isizame kwenye udongo laini. Tochi, na betri zake zimetolewa na kuwekwa pembeni zisivujie ndani. Sufuria, unga, chumvi, sukari, kiberiti kwenye kichupa kilichofungwa. Blanketi. Kila kitu kilikuwa kimechakaa kwa kutumika.

"Kila unachokiona humu," akaniambia, "kuna siku nilikikosa."

Yeye hulala njiani akikwama, siku mbili, siku tatu, akisubiri spea kutoka Dar. Ndiyo maana vitu vyake vina maana. Mimi nilijiona mtu wa kupita tu, kana kwamba barabara ni ndefu kwa wenye malori peke yao. Kati ya Morogoro mjini na Iringa mjini ni takriban kilomita 300, na hata ukipata mtandao ukapiga 114, gari la zimamoto linaweza kutoka mbali. Katikati hapo, kikosi cha zimamoto ni wewe na aliyesimama nyuma yako.

Tulipomfikisha yule dereva Ilula akatibiwe, tukaagana kwa kupeana namba za simu, mama hakusema kitu hadi tulipokaribia Iringa. Ndipo akaniuliza, taratibu, bila kunitazama, "Yule kijana umemwambia umeuziwa mbovu. Mbona asubuhi nilikuuliza?" Sikuwa na jibu. Mama yangu hakunilea kusema uongo, na alikuwa amekaa pale pale nilipousema.

Nilibadilisha vitu vya gari wiki ile ile. Naeleza kwa kifupi, kwa kuwa hiyo ndiyo sehemu rahisi. Mtungi sasa ni wa kilo 2, uko mahali naufikia nikiwa kwenye usukani, na geji inanitazama mimi. Pembetatu ziko chini ya kiti changu. Maji lita 20, nabadilisha. Bandeji, pamba na nguo safi navikagua kabla ya kila safari ndefu. Dawa za presha za mama hazikai tena kwenye dashibodi, anazibeba kwenye mkoba, kwa kuwa vidonge vingi havitakiwi kupita nyuzi 30. Tairi la akiba nalipima upepo, nalo nimelisoma umri: tarakimu nne zilizopigwa ubavuni mwa tairi, mbili za wiki na mbili za mwaka lilipotengenezwa. La kwangu lilikuwa limezeeka kuliko gari linavyoonekana, halijawahi kukanyaga lami. Petroli ya akiba kwenye dumu sibebi kabisa, na anayekubebesha kwa nia njema mkatalie.

Lakini kulikuwa na ule uongo, na uongo haujazwi upya dukani. Nilikaa nao miezi. Mama aliniuliza mara kwa mara, "Umempigia?" Siku nilipopiga, yule bwana alifurahi kusikia sauti yangu, jambo lililonifanya nitake kukata simu. Akaniambia mkono umepona, vidole viwili havikunji vizuri. Gari lilikuwa la bosi wake, kwa hiyo sasa anaendesha la mtu mwingine kwa siku anazopata. Nikamwambia ukweli wote: kwamba nilijua mtungi umekwisha, kwamba niliugeuza, kwamba sikuuziwa mbovu na mtu yeyote.

Alikaa kimya, kisha akaniambia jambo ambalo sikulitarajia. Alisema kijiweni kwao, madereva karibu wote walishaacha kununua mitungi. Yeye mwenyewe ndiye aliyewasimulia. Aliwaambia alivyopewa mtungi mpya na mtu mwenye gari zuri, ukagoma, na mwenyewe akakiri kwamba ameuziwa mbovu. Wakaona yote ni wizi mtupu. Wengine waliishia kununua stika.

Kwa hiyo uongo wangu haukubaki Kitonga. Ulishuka na yule bwana hadi kwa wenzake, ukakaa kwenye magari ambayo sijawahi kuyaona, na ukafanya kazi ile ile niliyoifanya mimi nilipouzungusha mtungi ule. Nilimwomba ruhusa nije niwaambie mwenyewe. Akasita, akasema, "Watakusema vibaya, kaka." Nikamwambia waseme.

Nilikwenda na mitungi miwili iliyojazwa. Nilisimama kijiweni nikawaeleza nilichofanya, naye akiwa amesimama kando yangu na mkono wake. Mmoja alinitukana, na nilistahili. Tulichoma matambara kwenye karai la zamani uwanjani, mbali na magari, kila aliyetaka akachomoa pini na kubonyeza mpaka mtungi ukaisha, wakaona poda inavyotoka na inavyokwisha upesi. Yule bwana hakutaka kujaribu. Niliacha pesa ya mitungi mingine mitatu kwa kiongozi wao, na nimeanza kumlipa kidogo kidogo yule bwana kwa ajili ya vidole vyake na siku zake za kazi. Alikataa mara ya kwanza, mara ya pili akapokea. Kuhusu gari, mwenye gari nimeonana naye, tumekubaliana kiasi, bado namlipa.

Wapo ambao hawakuniamini. Mzee mmoja wa pale aliniambia kwamba mtu aliyedanganya akiwa ameulizwa mbele ya moto anaweza kudanganya tena akiwa amesimama kivulini. Amesema asipoona mtungi ukizima gari la kweli hanunui. Namba yake ninayo, na nimemwahidi kumletea fundi anayejaza mitungi, aufungue mmoja mbele yake, auonyeshe ulivyo ndani, yeye amwulize maswali yake yote bila mimi kutia neno.